Yuniti Thelathini Ifikapo Ijumaa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo saa nne kasoro robo asubuhi nimepokonywa kiyoyozi. Hakikuharibika. Hakikuibwa. Kimefunguliwa ukutani kwa bisibisi, mchana kweupe, mimi nikiwa nimesimama pale pale na kikombe cha chai mkononi.

Kilikuwa kimoja kati ya viwili vinavyopoza chumba cha mitambo, ghorofa ya nne. Kampuni yetu inauza vigae na mabomba kwa jumla. Kila kompyuta, kila simu ya mezani, kila mashine ya risiti ndani ya jengo hili ina waya wake, na kila waya unaishia chumbani kwangu, kwenye seva zangu na swichi zangu. Swichi za mtandao, yale masanduku bapa yenye matundu mengi. Mtandao wote nimeujenga mimi. Sikufundishwa na mtu. Nilifungua vitu, nikavirudishia, na vingi viliwaka.

Aliyefungua kiyoyozi ni fundi wa viyoyozi, ambaye namwita Fundi Baridi. Anapiga mluzi akifanya kazi. Mtu anayekuvunjia nyumba angalau akae kimya! Kiyoyozi kimepelekwa ghorofa ya pili kwa Mhasibu, anayelalamika kuwa anapata joto akipiga hesabu. Na mimi? Mimi nacheza karata huku juu?

Halafu Meneja akaniita. Mama mtulivu sana, hajawahi kupandisha sauti, na ndiyo maana watu wanamwogopa. Akasema Mhasibu amefunga mita ndogo kwenye kila ghorofa, na moja peke yake kwa chumba changu na swichi zake zote za jengo, na imeonekana kuwa chumba changu, ambacho ni kidogo kuliko jiko la ofisi, kinakula umeme kuliko ghorofa nzima ya mauzo. Hata baada ya kuondolewa kiyoyozi, bado itakuwa yuniti 40 kwa siku. Anataka 30, ifikapo Ijumaa. Ikishindikana, mitambo yote itahamishiwa kwa kampuni ya nje inayotunza mitambo ya watu, na chumba changu kitakuwa stoo ya sampuli za vigae.

Nikauliza, na mimi je? Akasema nisiwe na wasiwasi, nitatafutiwa nafasi chini, dukani. Nina sura ya upole, wateja watanipenda.

Sura ya upole! Mimi!

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeamka na mpango. Hesabu yake ni nyepesi hata kwa mtu wa vigae. Kiyoyozi changu kilichobaki nimekiweka nyuzi 18 tangu siku kilipofungwa. Kitabu cha seva kinasema mashine zinavumilia hadi 27. Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikizidekeza.

Lakini kama 27 inaokoa yuniti tatu, basi 32 inaokoa karibu tano. Nikaweka 32. Kiyoyozi kikanyamaza. Nikakaa kwenye kiti changu, nikafungua vifungo viwili vya shati, nikajisikia mtu mwenye busara.

Baada ya chakula cha mchana kukaanza kelele. Kila mashine ina vifeni vyake ndani, na vyote vikaanza kuzunguka kwa kasi, pamoja, kama vimekubaliana. Dada wa mapokezi, aliye chini kabisa, akapiga simu kuuliza kama tumenunua mashine ya kusaga, maana mteja mmoja ameuliza tunasagaje vigae. Nikamwambia asante kwa taarifa.

Nikaenda kutazama mita pale koridoni. Umeme ulikuwa umepanda! Vifeni vinakula kuliko nilichookoa. Hili kitabu hakikulisema, au lilikuwa kwenye ukurasa niliouruka.

Fundi Baridi akapita. Akaegemea mlango. Akasema, Mkuu, humu unachoma tofali? Nikamwambia ni jaribio la kitaalamu. Akachukua rimoti, akabonyeza mara kadhaa kwa kidole kimoja, akaweka 24. Vifeni vikatulia. Akaondoka akipiga mluzi. Hakudai hata asante. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, huku anakunja nguo. Halafu akauliza, baba watoto, kwa nini usizime tu ile ya mieleka?

Hapa lazima nieleze, kwa ajili ya kumbukumbu. Katika kabati la mitambo kuna seva moja ya zamani iitwayo Mashine ya Majaribio. Kazi yake ni majaribio. Kwa kuwa majaribio huhitaji vitu vya kujaribia, nimehifadhi humo mapambano yangu ya mieleka, ambayo ni mengi. Nilimwambia mke wangu kuwa haya ni mambo ya kiufundi. Akasema haya. Akaendelea kukunja nguo. Haya yake ina maana nyingi, sikuipenda hata moja.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mhasibu alisoma mita asubuhi. 43. Akaniuliza, kwa upole wa mtu mwenye kiyoyozi kipya, kama nimeelewa kuwa namba inatakiwa kushuka. Nikamjibu kuwa kabla ya kuruka mtu hurudi nyuma kidogo. Akaandika 43 kwa wino mwekundu.

Leo nilifanya kazi ya kuchosha. Nikazunguka ghorofa zote nikifuata nyaya, nikipiga magoti chini ya meza za watu. Nimekuta pipi zilizoyeyuka, kiatu kimoja cha kike, na nyaya nyingi ajabu ambazo hazijaunganishwa na chochote. Ghorofa ya kwanza ina swichi ya matundu 48, yanayotumika ni saba. Ghorofa ya tatu, nyingine kama hiyo, yanayotumika ni tisa. Saba na tisa ni kumi na sita. Swichi moja ya pale juu ina nafasi zaidi ya hizo. Nikahamisha nyaya, nikajaribu kila kompyuta na kila simu, nikazima zile mbili. Hakuna aliyelalamika. Hakuna hata aliyejua.

Mita ikapunguza mwendo palepale. Kwa hesabu yangu kesho itasoma 36.

Yuniti nne chini ya zile 40 za Jumatatu, bila kelele. Lakini nikijisemea ukweli, hiyo ni kazi ya mfagiaji. Unazunguka, unakuta kisichotumika, unakizima. Ubunifu uko wapi hapo? Mtu ataandika nini kwenye wasifu wake? Nimebakiza sita, na hizo nitazipata kwa akili.

Nilikutana na Fundi Baridi kwenye lifti. Akasema amesikia nimezima swichi mbili, hongera, sasa kazi imebaki ndogo. Akauliza ile seva ya chini kabisa, yenye taa za buluu, inafanya nini. Nikashuka kwenye ghorofa ambayo sikuwa naiendea.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mita: 36. Mhasibu akatumia wino wa buluu. Nilisimama pale nikautazama wino huo zaidi kuliko ilivyo lazima.

Sasa akili. Tuna simu 60 za mezani. Hazina plagi, zinavuta umeme kupitia waya wa mtandao, wati nne kila moja, mchana na usiku, iwe inaongea au imekaa tu. 60 mara nne ni 240. Kwa siku ni yuniti 5.76. Nikatoa kwenye 36, nikapata 30.24. Robo ya yuniti tu kutoka kwenye ushindi!

Nikaziagiza swichi zikate umeme wa simu yoyote iliyokaa dakika kumi bila kuongea. Simu isiyoongea inahitaji umeme wa nini? Kisha nikatuma tangazo kwa wafanyakazi wote: anayetaka kutumia simu yake anipigie kwanza chumbani, nami nitamwashia.

Nikasubiri. Saa moja, mbili, tatu. Hakuna aliyepiga. Hata mmoja! Nikaandika hitimisho: jengo hili halihitaji simu. Tumekuwa tukilisha simu 60 za mapambo. Nilipita ghorofa ya mauzo kuangalia hali, nikakuta kumetulia kama maktaba. Watu wanakunywa chai wakitazamana. Mmoja akaniambia, kaka, leo biashara imelala kweli. Nikamwambia huo ni utulivu, ajifunze kuufurahia.

Alasiri akaingia mkandarasi mmoja, mtu mkubwa mwenye vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Akamuuliza dada wa mapokezi kama kuna msiba. Akasema amepiga simu tangu asubuhi akitaka katoni mia nane za vigae, simu haiiti hata kidogo, sasa amenunua kwa jirani wetu wa ng'ambo ya barabara. Hakuwa na shida, amepita tu kutupa pole.

Meneja alipanda mwenyewe mpaka chumbani kwangu. Alianza kwa kusema kuwa alijaribu kunipigia. Kisha akanitazama mpaka nikaanza kupanga kalamu mezani. Akauliza mtu angenipigiaje kuomba simu iwashwe, ilhali simu imezimwa.

Ni swali zuri. Nilimwambia hivyo. Nikawasha simu zote.

Akasema keshokutwa hayupo, kwa hiyo uamuzi ni kesho. Sauti ile ile ya chini. Akatazama kuta za chumba changu, kutoka kona hadi kona, kwa macho ya mtu anayepanga rafu za vigae.

Sijakata tamaa. Kosa lilikuwa kuzima mchana. Nani anafanya kazi baada ya saa kumi na mbili jioni? Hakuna. Mpaka saa moja asubuhi jengo ni tupu, na mitambo inaunguruma kwa ajili ya nani? Nimepanga vyote vijilaze vyenyewe: seva, swichi za ghorofa, na swichi kuu inayoziunganisha zote. Mashine ya Majaribio nimeiacha macho, ina waya wake wa intaneti usiopitia swichi kuu, iko katikati ya kupokea pambano refu na haifai kukatizwa. Asubuhi nitaviamsha vyote kutoka nyumbani, kitandani, kwa kidole, kwenye simu yangu.

Mke wangu akauliza, na visipoamka? Nikacheka. Nikamweleza polepole kwamba agizo la kuamka litatoka kwenye simu yangu, litaingia ofisini, litapita kwenye swichi kuu, na kuvifikia vingine vyote. Akauliza kama swichi kuu nayo italala. Nikasema ndiyo. Akasema haya.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimebonyeza. Kimya. Nimebonyeza tena. Nimekaa kitako kitandani. Nikabonyeza nikiwa nimesimama, kana kwamba urefu utasaidia. Agizo linafika mlangoni kwa swichi kuu, na swichi kuu imelala, na wa kuiamsha anapitia kwake.

Mke wangu akanipa chai bila kusema neno. Wema wa aina hiyo si wa kawaida kwake.

Nimefika ofisini nikikimbia. Hakuna shida, nikajisemea, naingia chumbani nabonyeza kwa mkono. Nikaweka kadi yangu kwenye kitasa. Kitasa kikaangaza taa nyekundu. Mlango wangu hufunguliwa kwa kadi, kadi humuuliza seva kama mimi ni mimi, na seva amelala. Hakuna wa kunishuhudia. Ufunguo wa chuma upo. Upo ndani, kwenye msumari, ambako niliuweka kwa usalama.

Kufikia saa mbili na nusu watu wote walikuwa wamefika. Hakuna kompyuta, hakuna simu, hakuna risiti. Dukani wateja walikuwa wamepanga foleni, dada wa mapokezi akiwaandikia majina kwenye karatasi na kuwaomba wasimpigie kelele, kosa ni la kaka wa ghorofa ya nne. Koridoni kwangu tulikuwa mimi, Meneja, Mhasibu na mlango.

Mhasibu, kwa mazoea, akasoma mita. Akaguna. Akasoma tena. Yuniti 20!

Nilisahau nilipo. Nikaruka. Nikamgeukia Meneja, nikamwambia bosi, 20, uliomba 30, nimekupa 20! Akanitazama kwa upole mwingi. Akasema hata kaburi halitumii umeme.

Hapo akatokea Fundi Baridi, mluzi mdomoni, aliyekuja kumkagulia Mhasibu kiyoyozi. Akatazama mlango. Hakugusa kitasa wala kadi. Akatazama upande wa pili, kwenye bawaba. Akatoa bisibisi na nyundo, akagonga pini tatu kutoka chini, akaubeba mlango mzima na kuuegemeza ukutani kama anahamisha godoro. Akasema, karibu nyumbani, Mkuu.

Ndani giza. Kila taa imezimika. Isipokuwa chini kabisa ya kabati, taa za buluu, zinakonyeza, na kifeni kinaimba kwa raha zake.

Mhasibu akauliza hiyo ni nini. Nikasema ni Mashine ya Majaribio. Akauliza majaribio ya nini. Bado natafuta jibu linalofaa, Fundi Baridi akawasha kioo kilichounganishwa nayo, apate mwanga wa kufanyia kazi. Wakaonekana wanaume wawili wakubwa wenye chupi za kung'aa, mmoja amemnyanyua mwenzake juu ya kichwa. Pambano la kimataifa. Limefika asilimia 97.

Yule wa juu akatupwa chini.

Mhasibu akauliza, inakula kiasi gani? Mimi nina udhaifu mmoja, ukiniuliza namba nakwambia namba. Nikasema wati 270. Kwa siku, yuniti sita na nusu kasoro kidogo. Akafunga macho kidogo. Akasema, 36 ya jana, toa sita na nusu. 29 na nusu. Akamtazama Meneja. Meneja akanitazama mimi. Fundi Baridi alitazama dari, na ilionekana anaumia kwa kujizuia.

Nikaizima mwenyewe. Niliomba dakika tatu zile zilizobaki. Sikupewa.

Halafu nikaamsha swichi kuu, swichi za ghorofa, seva, kimoja kimoja, kwa mkono, kwa mpangilio wake. Hiyo sehemu naijua. Simu zikaanza kuita jengo zima, chini mpaka juu, na nikasikia foleni ya dukani ikishangilia. Meneja alisimama mlangoni, pasipo na mlango, mpaka nikamaliza. Akasema chumba kitabaki. Mitambo itabaki. Mimi pia, kwa sasa.

Nilikwenda msalani kunawa uso. Nilichukua muda.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mtu akishinda hupewa zawadi. Mimi nimepewa msimamizi. Kuna tangazo ubaoni: kuanzia wiki ijayo Fundi Baridi ndiye mwangalizi wa matumizi ya umeme katika jengo zima, na yeyote anayetaka kuzima chochote apate kwanza ruhusa yake. Yeyote, limeandikwa. Kila mtu anajua yeyote ni nani.

Alikuja kunirudishia mlango. Ameuwekea bawaba mpya na mafuta, haulii tena. Akasema hana kinyongo, na kama nina mapambano ya zamani, ya enzi zile za mieleka ya mikanda mikubwa, amewahi kuyapenda sana. Nikamwambia hii ni ofisi.

Mke wangu kasikia yote kutoka kwa dada wa mapokezi, wana kikundi chao cha akiba. Amecheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akafuta machozi na kusema anashukuru Mungu sijawa muuza vigae, maana ningewaambia wateja ukweli kuhusu vipimo. Nadhani ilikuwa sifa.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Siku ya kutafakari. Nimetafakari mpaka saa nane mchana. Nimepitia wiki nzima, hatua kwa hatua, kwa haki, bila kujionea huruma. Somo liko wazi: nilifikiria kidogo mno! Nilihangaika na chumba kimoja, wakati jengo lina lifti inayongoja watu mchana kutwa, pampu ya maji inayojiwasha ovyo, taa za koridoni, na milango ya kuingilia. Vyote havijui kulala.

Tatizo la Ijumaa lilikuwa utaratibu. Baadhi ya vitu vilikuwa kwenye swichi kuu, baadhi havikuwa. Vyote vikiunganishwa kwenye swichi kuu moja, vitalala pamoja na kuamka pamoja, na mimi nitaviongoza kwa kidole, popote nilipo. Mke wangu alianza kuuliza swali. Nimemwomba asubiri nimalize hesabu.

Hesabu imemalizika. Tutaokoa yuniti 31 kwa siku, jengo zima. Barua pepe nimemtumia Meneja, nakala hakuna. Naibakiza hapa kama ilivyo:

Bosi, salamu. Rejea ushindi wetu wa Ijumaa. Naomba nikabidhiwe lifti, pampu ya maji, taa za koridoni na milango yote ya kuingilia. Ruhusa nimeomba kwako na si kwa mwangalizi, kwa sababu yeye hupiga mluzi na hili ni jambo la siri. Nataka jibu la moja kwa moja, ndiyo au hapana, kabla ya saa nne asubuhi, Jumanne. "Tutaona" si jibu. "Njoo tuongee" pia si jibu. Saa nne ikipita kimya, nitahesabu kuwa umesema ndiyo, na nitaanza na lifti.